Mhadhara ni wa umma, mbona umma unaachwa getini?

Pita nje ya chuo chochote mjini muhula ukiwa umepamba moto, hutakosa bango. Mhadhara wa wazi kuhusu sanaa ya Afrika. Uzinduzi wa maonyesho ya michoro. Mazungumzo na mchongaji. Siku ya makumbusho ya idara. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, wameandika kwamba watu wote wanakaribishwa.

Sasa jaribu kuingia.

Askari wa geti atakuitisha kadi ya mwanafunzi. Huna. Atakuuliza unaenda kumwona nani. Jina la profesa hulijui, unajua mada tu. Atakwambia usimame kando upishe wengine. Hapo ndipo unagundua kwamba "watu wote" maana yake ni watu wenye kadi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponilemea. Tangu hapo nimerudishwa getini mara mbili, na mara zote tangazo lilisema hafla ni ya bure. Sitataja vyuo vyenyewe, maana tabia hii si ya chuo kimoja, na wewe unayesoma hapa pengine una chako kichwani.

Najua unachofikiria. "Msee, watu wanatafuta unga, wewe unalia juu ya mhadhara wa sanaa?" Swali zuri. Nipe dakika chache nikuonyeshe kwamba ndani ya kumbi hizo kunajadiliwa mali yako, historia ya kwenu, na pengine kazi utakayoipata au kuikosa. Ukimaliza kusoma, uamue mwenyewe.

Slaidi moja ikawarudisha mababu nyumbani

Tuanzie Pwani. Miongoni mwa Wamijikenda, hasa Wagiriama, mzee wa chama cha Gohu akifariki familia humchongea kigango, nguzo ya mbao yenye umbo la mtu. Kigango kikishasimamishwa hakihamishwi ovyo. Usikichukulie kama pambo la ukutani, kwa sababu kwa familia yule ni mzee wao amesimama pale.

Mwaka 1985, mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake waliofariki. Haukupita muda mrefu, vigango vikaibwa. Mzee akaaga dunia bila kuviona tena.

Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu wa masomo ya Afrika huko Marekani, mtafiti Linda Giles akaonyesha slaidi za vigango vilivyokuwa kwenye hifadhi ya chuo kikuu cha Illinois State. Udvardy alikuwa amekaa pale anatazama. Ikaja slaidi moja, akashtuka, maana kigango kile alikijua. Ni kimoja kati ya vile viwili vya kwenye picha yake.

Cha pili kilipatikana kwenye makumbusho ya Hampton University, jimbo la Virginia. Hicho ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1868 kuwasomesha watu Weusi waliokuwa wametoka utumwani. Hebu fikiria hapo kidogo. Chuo cha vizazi vya watu walioibwa Afrika kikawa kimehifadhi kigango kilichoibwa Afrika.

Udvardy na Giles wakishirikiana na John Baya Mitsanze wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya waliendelea kusaka, wakakuta karibu vigango 300 katika makumbusho 19 ya Marekani. Kufikia mwaka 2007, vyote viwili vya familia ya Mwakiru vilikuwa vimerudi Kenya. Makumbusho ya Denver yakarudisha 30, vikatua hapa mwaka 2019. Baadaye makumbusho ya jimbo la Illinois yakarudisha 37.

Sasa angalia kesi hii ilivyofunguka. Hakukuwa na polisi, hakukuwa na wakili, na hakuna mheshimiwa aliyesimama bungeni. Ilifunguka kwa sababu mtu alionyesha slaidi ukumbini na mtu anayejua alikuwa amekaa kwenye kiti. Mtu huyo angekuwa amezuiwa mlangoni, pengine kigango kile mpaka leo kingekuwa kinaitwa "sanamu ya mbao, Afrika Mashariki".

Vitu 32,000 vinamngoja mtu wa kuvitambua

Kama unadhani hayo ni mambo ya zamani, kuna mradi unaitwa International Inventories Programme. Ulileta pamoja Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, wasanii wa Nest Collective wa hapa Nairobi, kikundi cha SHIFT na makumbusho ya Cologne na Frankfurt kule Ujerumani. Kazi yao ilikuwa kuuliza swali ambalo serikali ilipaswa kuuliza mwaka 1963: ni vitu vipi vya Kenya viko nje, na viko wapi?

Walipata zaidi ya 32,000, katika taasisi 30 za nje. Mwaka 2021 walifanya maonyesho pale makumbusho ya Nairobi, na kati ya vilivyoonyeshwa kulikuwa na makabati ya vioo yasiyo na kitu ndani. Wenye vitu wapo hapa, vitu viko ng'ambo.

Orodha imeshapatikana, ni hatua kubwa. Tatizo ni kwamba vitu vingi viliandikwa majina na watu waliovichukua, si waliovitengeneza. Unakuta "kibuyu", "mkufu", "rungu", basi. Ni kibuyu cha nini? Kilishikwa na nani? Kinafaa kuonwa na kila mtu au kina masharti yake? Majibu ya maswali haya hayako kwenye kompyuta ya profesa. Yako kwa nyanya wa Hola, kwa fundi wa shanga wa Kajiado, kwa mzee anayecheza ajua chini ya mti. Na pengine yako kwa dereva wa boda ambaye babu yake alikuwa mganga na kamsimulia mambo.

Chukua Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo. Maafisa wa kikoloni waliichukua kule Mto Tana mwanzoni mwa karne iliyopita, na imekaa stoo ya British Museum jijini London zaidi ya miaka 100. Kwa Wapokomo si ngoma ya kutumbuiza watalii. Ni alama ya mamlaka, kitu ambacho hata kukiona hukuruhusiwa kienyeji tu. Hilo hulijui kwa kusoma kibandiko cha makumbusho, unaambiwa na Mpokomo.

Kwa hivyo mhadhara wa umma kuhusu vitu hivi ukijazwa wanafunzi 20 waliokuja kutia sahihi ya mahudhurio, umefeli kazi yake. Haujakosa watu wa kuujaza tu. Umekosa watu ambao wangeujibu.

Na tusiseme hakuna kinachobadilika. Pale Jesus College, Cambridge, kulikuwa na jogoo wa shaba aliyeporwa na wanajeshi wa Uingereza katika ufalme wa Benin, Nigeria ya leo, mwaka 1897. Alikuwa amewekwa kwenye ukumbi wa kulia chakula. Mwaka 2016 wanafunzi walipiga kura arudishwe kwao. Chuo kikamwondoa ukumbini, kikaunda kamati, mambo yakakokotwa wee, lakini Oktoba 2021 jogoo akakabidhiwa Wanigeria. Siku iliyofuata Chuo Kikuu cha Aberdeen nacho kikakabidhi kichwa cha shaba kilichotoka Benin. Hayo yalianzia kwa vijana waliokuwa wanakula wali huku wakiangalia kitu, wakajiuliza: huyu jogoo si wa watu?

Karani aliyepewa kipaza sauti

Labda mambo ya vigango hayakugusi. Basi tuongee juu ya kuomoka.

Mombasa, mwishoni mwa miaka ya 1940, kuna kijana mmoja mtihani wake wa shule haukutoka vizuri. Makerere, chuo kikuu pekee kilichokuwa karibu, hakikumchukua. Akapata kazi ya ukarani katika taasisi ya mafunzo ya Waislamu mjini humo, iliyojulikana kama MIOME, ambayo leo ni Technical University of Mombasa. Siku moja kukawa na sherehe ya Maulidi, na yeye akapewa nafasi ya kuhutubia. Kati ya waliokuwa wanasikiliza alikuwepo gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell.

Hotuba ile ilimfungulia njia ya ufadhili wa masomo Uingereza. Kijana mwenyewe ni Ali Mazrui. Akasoma Manchester, Columbia na Oxford, kisha akarudi kufundisha Makerere ileile iliyomkataa, akawa profesa, na mihadhara yake ya umma ikawa inajaza ukumbi mpaka watu wanasimama. Mwaka 1986 dunia nzima ikamwona kwenye televisheni akieleza historia ya Afrika katika kipindi cha "The Africans".

Sisemi kwamba ukienda mhadhara Alhamisi utatoka na skolashipu. Hadithi za mtu mmoja aliyefaulu zimetumiwa sana kutunyamazisha. Ninachosema ni kwamba siku ile chuo kilikuwa na jukwaa, jukwaa likawa na wasikilizaji wa kila aina, na mtu aliyeandikwa kama amefeli akapewa nafasi ya kusikika. Mtihani ulikuwa umeshamaliza naye. Ukumbi ukampa nafasi ya pili. Ni vijana wangapi mitaani wametoka chuo kwa sababu ya karo, sio kwa sababu ya akili? Hao nafasi yao ya pili iko wapi?

Geti si moja

Tuwe wakweli kuhusu askari. Aprili 2, 2015 magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi wa rika letu. Yeyote anayefanya mzaha na ulinzi wa vyuo hajakaa na familia iliyopoteza mtoto siku hiyo. Geti lina sababu.

Lakini angalia maduka makubwa ya Nairobi. Nayo yameshambuliwa, tunakumbuka Westgate 2013. Unapofika pale begi linakaguliwa, unapita kwenye mashine, unaingia. Hakuna anayekuuliza unaenda kumwona nani. Kama duka linaweza kukukagua na kukuruhusu uingie utumie pesa, chuo cha umma kinashindwaje kukukagua na kukuruhusu uingie usikilize? Kitambulisho cha taifa, jina kwenye orodha ya kujisajili, begi likaguliwe, mambo yaishe. Kukosa utaratibu kusifichwe nyuma ya usalama.

Na hata askari akikupisha, kuna mageti mengine ambayo hayana askari.

Kuna geti la saa. Mhadhara uko Jumanne saa nane mchana. Nani yuko huru saa hiyo? Msanii wa mtaani yuko kwa mkono akichapa kazi nyingine ya kulipa nyumba. Dada wa saluni yuko saluni. Wanaobaki ni walewale wanaolipwa kuwa pale.

Kuna geti la lugha. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, vyuo vyetu hupiga ngoma, huvaa leso na kusoma mashairi. Julai 8 asubuhi kila kitu kinarudi Kiingereza, tena kile cha maneno marefu ambayo hata msemaji anayameza kwa maji. Unamwalika fundi wa kuchonga aje asikie kuhusu uchongaji, halafu unaongea lugha ambayo hawezi kukukosoa nayo. Hapo umemwalika apige makofi tu.

Kuna geti la nauli. Nairobi Contemporary Art Institute, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage mwaka 2020, inafanya kazi nzuri sana ya maonyesho na mazungumzo. Lakini iko Rosslyn, kwenye barabara ya Limuru. Ukitoka Kayole au Mukuru, hesabu matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na pengine foleni ya nusu siku. Ndio maana vijana wengi wa katikati ya jiji wameishia kujifunzia sanaa pale Alliance Française na Goethe-Institut, ambako unaingia kwa miguu yako kutoka stejini. Asante kwao. Ila inachekesha kidogo kwamba Mfaransa na Mjerumani ndio wanatupa viti tukizungumza mambo yetu, na vyuo vyetu tunavyovilipia kodi viko hatua chache tu na vimefunga geti.

Haya ya nani aingie na nani abaki nje si mapya mjini humu. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma mpaka mwaka 1958. Wakati huo kigezo kilikuwa rangi ya ngozi, na kiliandikwa wazi. Siku hizi kigezo ni kadi, saa, lugha na nauli, na hakuna aliyekiandika popote. Ndiyo maana ni vigumu kukipinga.

Wakati mmoja chuo kilitoka nje

Usidhani chuo kufungua milango ni ndoto. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walianzisha jumba la maigizo la kuzunguka, wakapeleka michezo vijijini bila malipo. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikawa na lake, Free Travelling Theatre, kuanzia mwaka 1974. Wanafunzi walipanda basi, wakaigiza sokoni, shuleni na kwenye viwanja vya wazi, kwa Kiswahili na Kiingereza. Hawakungoja umma uje getini.

Leo mwenye chuo atakwambia hakuna pesa. Ni kweli vyuo vya umma vinadaiwa mabilioni, na mvutano wa mfumo wa ufadhili ulioletwa 2023 umewachanganya wazazi, wanafunzi na hata wahasibu. Lakini ukumbi uko pale tayari. Kipaza sauti kipo. Profesa analipwa mshahara uleule awe anaongea na watu 20 au 200. Kumwongeza mtu wa nje kwenye kiti kisicho na mtu hakuongezi bili ya stima.

Na kuna kundi linakuja ambalo litaumia zaidi. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mfumo mpya wa elimu waliingia Gredi ya 10, na mmoja wa mikondo mitatu ni sanaa na spoti. Lengo la serikali ni kwamba asilimia 60 wafuate sayansi na teknolojia, 25 sayansi za jamii na 15 sanaa na spoti. Hao wa asilimia 15 ni watoto wa Dandora, Kisauni na Kondele. Wanaambiwa wasome sanaa, lakini wataiona wapi? Shule nyingi hazina hata chumba cha kuchorea. Chuo chenye mkusanyiko wa michoro, wahadhiri na ukumbi kikifunga geti Jumamosi, mtoto huyo atajifunza uchoraji kwa kuangalia picha ndogo kwenye kitabu. Miaka minne baadaye tutamwambia sanaa hailipi, akatafute kazi ya maana.

Tudai nini hasa

Sitaki tumalize kwa kulalamika. Haya ni mambo ambayo chuo kinaweza kuyafanya muhula huu bila kungoja bajeti.

Moja, bango likisema umma, liandike pia geti gani la kuingilia na kitambulisho gani kinahitajika, na askari wa geti awe na nakala ya hilo bango. Mara nyingi askari hajaambiwa chochote, anafanya kazi yake.

Mbili, mhadhara mmoja kati ya minne uwe Jumamosi au baada ya saa kumi na moja jioni.

Tatu, maswali yapokelewe kwa Kiswahili hata kama mada imetolewa kwa Kiingereza. Hilo halihitaji mkalimani, linahitaji heshima.

Nne, sauti irekodiwe na iwekwe mtandaoni. Sauti peke yake, sio video, maana bando ni pesa. Juni 2024 vijana wa nchi hii walikaa kwenye X Spaces usiku kucha wakichambua Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Yeyote anayesema kizazi hiki hakina subira ya kusikiliza hotuba ndefu hakuwa Kenya mwaka huo.

Tano, mhadhara utoke nje. Maktaba za Kaloleni na Makadara zimekarabatiwa na zina nafasi. Buruburu kuna chuo cha sanaa, BIFA, katikati ya mtaa wa watu. Profesa akipanda matatu mara moja kwa muhula hatakufa.

Nasi tuna sehemu yetu. Fuata kurasa za makumbusho na za idara za sanaa, usingoje rafiki akuambie hafla ikishapita. Jisajili hata kama unadhani hutaruhusiwa, ili jina lako liwepo kwenye orodha. Ukikataliwa, andika barua pepe kwa idara ukitaja siku na saa, kwa adabu, maana mara nyingi mwenye mhadhara hajui kwamba watu wake waliachwa nje. Kifungu cha 11 cha Katiba kinasema utamaduni ndio msingi wa taifa na kinaitaka serikali iukuze kupitia sanaa, maktaba na njia nyingine. Kitaje kwenye hiyo barua, hakiumi mtu.

Na ukiruhusiwa, usiende peke yako. Kama shosho wako bado anaweza kupanda matatu, mbebe. Mkalishe mbele, mtafsirie pale panapohitajika, na wakati wa maswali mpitishie kipaza sauti. Kati ya vile vitu 32,000, huenda yeye ndiye anayejua jina la kimoja.